Mstari Ulionyooka Mno

Asubuhi nyumbani kwetu huanza na mlio wa cherehani. Mama huondoka alfajiri kwenda kiwandani, na mimi nikiamka humkuta bibi ameshakaa barazani, miwani puani, anaunga sketi za sare za shule. Kazi zangu kabla ya kwenda darasani zilikuwa tatu: kufagia ua, kuchemsha chai, na kumpima bibi presha.

Kazi ya tatu nilipewa na muuguzi wa zahanati. Alitukabidhi kipimo kidogo cha betri na daftari, akaniambia, "Utampima kila asubuhi kabla hajanywa chai wala dawa. Siku thelathini. Daktari ataangalia namba zako ndipo aamue kuhusu dawa." Tangu siku hiyo bibi akaniita Karani. Nami nikavimba kichwa, kwa kuwa darasa zima hakuna mwingine aliyekuwa na mgonjwa wake.

Siku kumi za kwanza nilikuwa karani kweli. Nilimfunga bibi kitambaa cha kile kipimo mkononi, kikajaa upepo, naye akakunja uso akilalamika kwamba kinambana kuliko nguo ya kuazima. Ile namba ya juu niliyoagizwa kuiandika ilipanda na kushuka. Leo 138, kesho 141, halafu ghafla 165. Siku ya kumi, Jumamosi, ilikuwa 167.

Kisha netiboli ikaingia. Timu yetu ilikuwa na mechi na shule jirani, na mimi ndiye mfungaji, kwa hiyo mazoezi yakawa kila asubuhi kabla ya kengele, na mwisho wa juma pia. Nikamwambia bibi, "Tutapima jioni." Bibi, ambaye hakukipenda kile kitambaa hata kidogo, akajibu, "Nenda, mjukuu wangu, presha yangu haina miguu ya kukimbia." Jioni ilipofika tulisahau wote wawili.

Lakini daftari lilikuwa na mistari, na mistari mitupu ilinikera. Nikatazama ile 167 ya Jumamosi, nikaandika 166. Kesho yake 167. Keshokutwa 165. Nilijiona mjanja sana, maana namba zangu zilifanana na ya kweli kabisa. Niliendelea hivyo siku kumi na tatu, mpaka mechi ikachezwa. Tulifungwa, tena vibaya. Siku saba zilizobaki nilirudi kupima kama kawaida, na bibi hakujua kwamba ile mistari mitupu nilikuwa nimeijaza.

Jumatatu iliyofuata niliomba ruhusa shuleni, nikamsindikiza bibi zahanati. Daktari alilifunua daftari haraka haraka. Foleni nje ilikuwa ndefu. Akatikisa kichwa. "Bibi, presha haijashuka. Siku nyingi iko juu ya mia na sitini. Itabidi nikuandikie dawa kali zaidi." Akavuta karatasi, akaanza kuandika.

Muuguzi akamwambia, "Daktari, huyu binti si ndiye aliyeandika? Ngoja achore kwanza. Dakika kumi tu." Akaniita kwenye meza yake, akanipa karatasi ya miraba.

Ukuta wa nyuma yake ulijaa michoro. Kulikuwa na mistari ya uzito wa watoto wachanga, ikipanda polepole. Kulikuwa na ramani ya mitaa yetu yenye miduara, mingine midogo, mingine mikubwa. "Hiyo ni malaria," muuguzi alisema alipoona nimekodoa macho. "Mduara ukiwa mkubwa, ujue huko kuna maji yaliyotuama. Mabwana afya hawaji kuniuliza tena, wanatazama ukuta, wanachukua majembe, wanakwenda. Haya, kazi. Siku ziweke chini zikifuatana. Presha inapanda juu. Kila siku nukta moja, halafu unganisha."

Niliweka nukta. Siku kumi za mwanzo zilitoa bonde, kilima, bonde, kilima. Kisha penseli yangu ikaenda moja kwa moja, juu kabisa, siku kumi na tatu, mstari umenyooka kama nguo iliyotoka kwenye pasi. Kisha bonde na vilima tena. Nilihisi masikio yananiwaka moto. Kwenye daftari uongo wangu ulikuwa umejificha vizuri katikati ya namba nyingine, na sasa ulikuwa umekaa pale peupe.

Daktari aliishika karatasi kwa mikono miwili. Hakuhitaji hata dakika. "Mwili wa mtu aliye hai hauendi hivi," alisema. "Siku hizi kulitokea nini, binti?"

Uongo wa pili ulishafika mdomoni. Ningesema kipimo kiliharibika betri, na nani angebisha? Lakini ile karatasi ya dawa kali ilikuwa mezani, na jina la bibi limeshaandikwa juu yake. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

"Sikupima," nikasema. "Nilikuwa mazoezini. Niliandika kwa kukisia. Nisamehe, daktari. Bibi, nisamehe."

Daktari akaichana ile karatasi vipande viwili, akaviweka mbele yangu. "Dawa hii nikimpa mtu ambaye presha yake siyo ya juu hivyo, inamshusha kupita kiasi. Bibi yako angeinuka kwenye cherehani, kizunguzungu, chini. Pengine asingeamka. Umeelewa?"

Niliitikia kwa kichwa. Bibi alinitazama kwa juu ya miwani yake, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

"Nendeni mkapime tena wiki mbili," daktari akasema. "Kweli tupu. Dawa ibaki ileile."

Tukashika njia mpaka tukafika kwenye kona ya nyumbani. Ndipo bibi akasema, "Njia ya mwongo ni fupi, Karani. Yako imekuwa na siku kumi na tatu tu." Akashusha pumzi. "Na mimi mjinga sana, fundi mzima. Mteja akinidanganya kipimo cha kiuno, daftarini siwezi kujua. Namba zote ni namba. Nikichora kwenye karatasi ya kukatia ndipo naona hii sketi si ya mtu, ni ya gunia! Kila siku nachora namba, na sikujua kwamba hata presha inachorwa."

Kesho yake bibi akatoa kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye mashati. "Hizo nukta zako za penseli mimi sizioni. Nitashona." Tukavichukua vipimo vya kweli vya mwezi uliopita, akavishona kwa uzi mwekundu. Kisha kila asubuhi nilipima, nikasoma namba kwa sauti, naye akaongeza mshono mmoja. Sikukosa hata siku moja. Kocha alinuna, akanipa nafasi ya akiba, nami nikakubali.

Siku ya kumi na nne nilikaa mbele ya kitambaa nikakikodolea macho. Vilima vilikuwa vinne, na vyote vilisimama Jumatano na Jumamosi. Nikatazama vile vya mwezi uliopita. Jumatano na Jumamosi! Nikahesabu siku moja nyuma, siku ya dawa iliyotangulia kila kilima.

"Bibi," nikaita, "Jumanne na Ijumaa huwa unafanya nini?"

"Si naenda sokoni kununua vitambaa, unajua."

"Na dawa unameza?"

Cherehani ikasimama. Bibi akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "We mtoto umeanza upelelezi lini?"

"Bibi."

"Haya, haya! Dawa ile inanipeleka chooni kila saa. Sokoni choo kiko wapi? Nishike foleni na kitambaa mkononi, au nikimbie vichochoroni kama mwizi? Siku za soko naiacha." Akakitazama kitambaa kwa hasira. "Kumbe hiki kinanisengenya! Tena nimekishona mwenyewe!"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na bibi, alipojaribu kuendelea kukasirika, akashindwa. Tulicheka wote. Kifua changu kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu.

Tuliporudi zahanati daktari alikitandika kitambaa mezani, akafuata uzi kwa kidole. Bibi akaeleza habari ya choo bila aibu, na daktari akajitahidi asicheke. "Dawa inafanya kazi vizuri, bibi. Ni wewe unayeipa likizo. Sasa utameza saa nane mchana, kila siku, ukishatoka sokoni. Na siku nyingine jambo likikusumbua, niambie. Usijibadilishie dawa mwenyewe."

"Na ile kali?" nikauliza.

"Ya nini? Haihitajiki."

Nilitaka kumkumbatia daktari. Nikamkumbatia bibi.

Wiki mbili nyingine zilipita, na vilima vikaisha. Uzi ulipanda kidogo, ukashuka kidogo, chini ya mia na arobaini, siku baada ya siku. Muuguzi alipokiona kitambaa aliomba akitundike ukutani karibu na ramani ya malaria, ili wagonjwa wa presha wajionee wenyewe maana ya kuruka dawa.

Nilifurahi, kisha nikaona haya. Katikati ya kitambaa kulikuwa na sehemu nyeupe, siku kumi na tatu zisizo na mshono, na kila ambaye angepita angeiona. Nikamnong'oneza bibi, "Tushone hapo japo mstari mmoja. Tuunganishe tu, kipendeze."

Bibi alinivuta kando ya mlango. Hakunong'ona kama mimi.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Siku zile hatukupima, kwa hiyo hatujui. Usichokijua, acha mahali pake wazi, hata kama watu watakuuliza, hata kama utaona aibu. Pengo halijamuua mtu. Namba uliyoitunga ilikaribia kuniua."

Nikakichukua kitambaa kama kilivyo, nikampa muuguzi akitundike. Mama mmoja kwenye foleni alikitazama, akaweka kidole palepale penye weupe. "Hapa kulikuwa na nini, binti?"

"Hapo sikupima, mama," nikamjibu, na sauti yangu haikutetemeka.