Vinyonga Chini ya Shitingi

Wewe unayesoma, umewahi kusikia kinyonga akikohoa?

Usijibu haraka. Venance naye angekucheka. Alikuwa na digrii ya zuolojia, kazi hana, na nyuma ya nyumba ya mama yake pale Kanazi, kilima kimoja tu kutoka kambi ya wakimbizi, alijenga banda la miti, akalifunika shitingi, lile turubai jeupe la wakimbizi. Aliliita greenhouse. Ndani alifuga vinyonga. Kesho mnunuzi angekuja kuwachukua wote, na hiyo ndiyo ingekuwa riziki yake ya kwanza tangu amalize chuo.

"Wenzako walisoma wakarudi na magari," mama yake, Restituta, alimwambia jioni ile akichambua maharage. "Wewe umerudi na wachawi wenye mikia."

"Mama, it's business."

"Biznesi gani, jicho moja linakutazama wewe, lingine linatazama mlango?"

Venance akachukua kopo la panzi, akaenda kuwalisha vinyonga. Manyunyu yalikuwa yameanza.

Mlangoni akasimama.

Koho... koho...

Kikohozi chembamba, cha mtoto. Na harufu ya moshi wa kuni mbichi, moshi wa kambini...

Vinyonga wote walikuwa juu, wameng'ang'ania shitingi kwa ndani. Kinyonga hushika tawi, nailoni inateleza. Hili hakufundishwa chuoni. Wote weupe pee. Wamejipanga, wamechora umbo. Kichwa. Mgongo. Miguu iliyokunjwa.

Mtoto aliyejikunyata kwa baridi.

Na pale katikati shitingi ilipanda... ikashuka...

Ilikuwa inapumua.

Venance alijua ni nani. Kiangazi kilichopita, mama mmoja wa kambini, Nyirabahizi, alikuja na mtoto mgongoni, anakohoa. Njaa. Alikuwa amevua paa la kibanda chake, shitingi hii hii. Akaliacha kwa beseni la mihogo. "Nakuazima tu, kaka. Mvua zikianza nitalifuata." Venance akasema sawa. Mvua zilipoanza, kweli alirudi, amelowa chapachapa. Lakini vinyonga walitaka joto. Venance alimchungulia dirishani, akamnong'oneza mama yake: "Mwambie sipo."

"Umwana wanjye arakonje..."

Mwanangu ana baridi. Sauti ilitoka nyuma yake. Akageuka. Hakuna mtu, ila Restituta tu, maharage yamemwagika miguuni.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia. Mimi ndiye niliyemwambia hupo. Kwa mdomo huu. Livue, baba. Mpelekee."

Akakata kamba. Vinyonga wakadondoka majanini, wakapotelea gizani, na riziki yake pamoja nao. Hakuwatazama. Akakimbia kuvuka kilima, shitingi begani, nzito kuliko nailoni.

Kambi haikuwepo. Vibanda chini, majivu yanafuka. Mgambo mmoja, Malongo, alikuwa analinda utupu.

"Wamerudishwa kwao leo asubuhi," alisema.

"Kuna mama mmoja, mtoto wake anakohoa..."

"Nyirabahizi? Alipita hapa. Mtoto sikumwona." Akashusha sauti. "Lakini alitembea ameinama, mikono nyuma. Kama amebeba."

Begani, shitingi ikakohoa.

Haya. Venance atabeba lake, hana pa kulitua. Lakini ninyi wakubwa, mliopunguza mgao wa chakula kambini hadi mama akala paa lake, kisha mkawaswaga watu barabarani bila kuuliza nani amebaki chini ya udongo: kaburi la yule mtoto liko wapi? Tuonyesheni. Mvua inanyesha, na bado hajafunikwa.