Faida ya Mwaka Mmoja

Kila asubuhi fundi alifungua duka, akapangusa cherehani, akatundika sare za shule mlangoni. Sketi upande huu, kaptula upande ule. Mtaa mzima ulimwita Punguza. Jina hilo alilipata sokoni, kwa sababu hakuwahi kununua kitambaa kwa bei aliyotajiwa. Hata bei ikiwa ya haki, atasema "punguza", kisha atatabasamu na kusubiri. Mwenyewe alijivunia jambo hilo. Hakuna mtu aliyewahi kumuuzia kitu kwa bei ya kuruka.

Lakini siku hizi alikuwa na tabia mpya. Kila akimwona dada yake anakuja kwa mbali, aliingia nyuma ya sare na kuanza kutafuta kitu ambacho hakikupotea. Mke wake alikuwa akishona vifungo pembeni, naye aliona kila kitu. Mara ya kwanza alicheka. Baadaye aliacha kucheka.

"Baba watoto, yule ni dada yako," alimwambia. "Si mtoza kodi."

Punguza aliinamia cherehani. Aliona haya hata kwa mkewe.

Dada yake alikuwa dobi wa hospitali. Alifua mashuka ya wagonjwa tangu ujana wake mpaka alipostaafu mwaka jana. Alipopewa kiinua mgongo, hakwenda kwa mtu mwingine, alikwenda kwa kaka yake. Alimwambia kwamba yeye ndiye anayejua bei za vitu, basi amwambie hela aiweke wapi.

Siku zile magazeti yalikuwa yakisifu benki moja. Benki hiyo ilikuwa imetangaza faida kubwa. Faida yote ukiigawanya kwa idadi ya hisa, kila hisa ilipata shilingi kumi na tano. Hisa moja iliuzwa kwa tisini. Punguza alipiga hesabu kichwani: tisini ni kumi na tano mara sita. Hisa za benki nyingine ziliuzwa kwa faida ya mwaka mara kumi, hata mara kumi na mbili. Hii ni mara sita tu. Kwake ilikuwa bei ya kutupa. Alimwambia dada aweke nusu ya hela yake, naye aliweka nusu bila kuuliza swali la pili.

Mwaka huu benki imetangaza faida tena. Kila hisa imepata nne. Bei imeanguka kutoka tisini hadi hamsini. Dobi hasomi habari za hisa, kwa hiyo hajui. Anayejua ni kaka yake, na ndiyo sababu ya kujificha nyuma ya sare.

Siku moja mke wa Punguza alirudi kutoka sokoni, akaweka kikapu chini, wala hakukaa.

"Nimekutana na wifi," alisema. "Wenzake watatu wa kufulia wanastaafu mwisho wa mwezi. Wanataka kununua hisa kama zake. Na yeye anataka kuongeza nusu iliyobaki. Anawaambia kaka yake hajawahi kukosea bei."

Punguza aliweka mkasi mezani. Kupoteza hela ya dada mmoja kulikuwa kumemnyima usingizi. Sasa wanawake wanne walikuwa tayari kuweka jasho la maisha yao juu ya neno lake.

Jioni alikwenda kwa jirani. Jirani huyo alikuwa mwalimu wa chuo cha biashara, mama mcheshi aliyependa kusahihisha karatasi za wanafunzi huku akitafuna karanga. Punguza alikaa kwenye ncha ya kiti. Alisema kuna rafiki yake mmoja aliyemshauri mtu kununua hisa za benki, na sasa mambo yameharibika.

"Huyo rafiki yako anashona sare?" Mwalimu aliuliza.

Punguza alitazama chini. Kisha alieleza yote, na akamaliza kwa wazo alilokuja nalo. Aliona kwamba hamsini ukiigawa kwa nne ni zaidi ya mara kumi na mbili. Maana yake sasa hisa ni ghali. Je, si afadhali amwambie dada auze zote haraka, kabla hajapoteza zaidi?

Mwalimu alisukuma karatasi pembeni.

"Fundi, nikitaka kununua duka lako, nikuulize mapato ya mwezi gani?"

"Mwezi wa kufungua shule," Punguza alisema, akacheka kidogo. "Ukiniuliza mwezi huo, nitakupenda."

"Na nikiuzidisha mara kumi na mbili, nikasema hayo ndiyo mapato yako ya mwaka?"

"Utakuwa umenitajirisha. Miezi mingine nashona viraka tu, mwalimu."

"Na nikija kwenye mwezi wa viraka?"

"Utasema duka halina thamani, na utakuwa umenidhulu—"

Hakumaliza neno. Alielewa, na uso ulimwaka moto. Jambo hili alilijua tangu alipoanza kushona. Aliliacha dukani siku alipokwenda kununua hisa.

Mwalimu hakumcheka. Alimweleza kwamba benki nayo ina misimu, ila misimu yake ni ya miaka. Katika miaka mizuri watu wanalipa mikopo yao, na faida inapanda. Miaka mibaya ikija, wakopaji wanashindwa kulipa, na faida inazama, pengine hata ikawa hasara. Anayetazama mwaka mmoja ataona benki ni rahisi wakati faida imefura, na ataona ni ghali wakati faida imesinyaa. Mara nyingi ukweli ni kinyume chake.

Alifungua simu, akatafuta taarifa za benki ile za kila mwaka. Zilikuwa wazi kwa mtu yeyote. Katika ule mwaka wa faida ya kumi na tano, benki ilikuwa imeuza jengo lake la zamani, na pia ilikuwa imelipwa mikopo mingi iliyodhaniwa imepotea.

"Jengo linauzwa mara ngapi?" aliuliza.

"Mara moja."

"Basi tusimpe bei mtu kwa kitu anachokiuza mara moja. Tuchukue miaka kumi. Miaka mizuri na mibaya, yote iingie."

Punguza alitaka kujumlisha papo hapo, lakini Mwalimu alimzuia. Alimuuliza mita ya kitambaa cha sare ilikuwa bei gani miaka kumi iliyopita. Punguza alisema ilikuwa nusu ya bei ya leo. Mwalimu akamwambia kwamba hela ya siku zile ilikuwa na nguvu mara mbili, kwa hiyo haifai kuijumlisha na ya leo kama vile ni kitu kimoja. Huo ndio mfumuko wa bei. Kitambaa ni mfano tu. Ofisi ya takwimu hupima kupanda kwa bei za vitu vingi kila mwaka, na kipimo hicho ndicho cha kutumia. Kwa kipimo hicho, faida ya mwaka ule wa kwanza, iliyokuwa tatu kwa kila hisa, ikigeuzwa kuwa hela ya leo, ni sita.

Walifanya hivyo kwa kila mwaka. Walitumia faida ya kila hisa, kwa sababu benki inaweza kuongeza hisa sokoni, na keki ile ile ikagawiwa watu wengi zaidi. Kulikuwa na mwaka mmoja wa hasara; hawakuuruka, hasara yake waliitoa kwenye jumla. Mwisho waligawa kwa kumi. Wastani ulikuwa kama tano.

"Sasa gawa mwenyewe," Mwalimu alisema.

Hamsini kwa tano ni mara kumi. Tisini kwa tano ni mara kumi na nane. Punguza alirudia kugawa, labda amekosea. Hakuwa amekosea. Mwaka jana alidhani amenunua kwa mara sita, kumbe alimnunulia dada yake kwa mara kumi na nane. Yeye, Punguza, hakusema hata "punguza".

Haya zilimjaa. Mwalimu alimsogezea karanga, naye hakuzigusa. Aliuliza kwa sauti ndogo kama sasa, kwa hamsini, ni sawa kununua.

"Kwa wastani wa miaka kumi kama huu, benki hii huuzwa kati ya mara tisa na kumi na mbili," Mwalimu alisema. "Kwa hiyo hamsini ni bei ya kawaida. Si ya kutupa, wala si ya kukimbia. Lakini wastani hauoni mbele. Benki ikianza kukopesha ovyo, faida za zamani hazitakuokoa. Tazama mikopo isiyolipwa, linganisha na benki nyingine, na usiweke hela yote sehemu moja. Hela ya matibabu na chakula isiguse hisa kabisa."

Punguza alimshukuru, akasimama. Mlangoni Mwalimu aliongeza kwamba hesabu ameimaliza, ila kazi bado.

Siku iliyofuata alikwenda hospitali. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma kabisa, kina joto na mvuke, na mashine zilikuwa zikinguruma. Wanawake watatu walisimama kwenye meza ndefu wakikunja mashuka. Dobi alikuwa nao, amekuja kuwatembelea. Alipomwona kaka yake uso ulimng'aa.

"Ndiye huyu," aliwaambia wenzake. "Kaka yangu, niliyewaambia."

Punguza alitamani mvuke ule umfunike. Njia nzima alikuwa amepanga kusema benki imewadanganya watu. Lakini benki haikudanganya. Habari ya jengo ilikuwa imeandikwa kwenye taarifa, yeye ndiye hakuisoma. Basi alisema kama ilivyo. Alisema hisa za dada yake zimeanguka hadi hamsini. Alisema anajua tangu taarifa ilipotoka, na amekuwa akijificha. Alisema kosa ni lake, kwa sababu alipima benki kwa faida ya mwaka mmoja.

Mkono wa Dobi ulibaki juu ya shuka. Hakumtazama kaka yake, na hakuwatazama wenzake pia.

Punguza alieleza hesabu ya miaka kumi, kama alivyofundishwa. Aliyekuwa mkubwa kwao, mama mmoja mwenye miwani, alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni kama kuhesabu mashuka siku ya mgeni rasmi," alisema. "Siku hiyo kila kitanda kina mawili. Ukija kesho yake, mgonjwa analalia kanga yake."

Wenzake walicheka, hata Punguza akacheka, na kwa muda kidogo alihisi mzigo umepungua. Kisha mama yule alivua miwani.

"Na wewe, fundi, ulinunua ngapi?"

Punguza alikuwa na jibu tayari. Angeweza kusema mwaka jana hela yote aliiweka kwenye vitambaa. Hakuna ambaye angebisha.

"Sikununua hata moja," alisema. "Hela nilikuwa nayo. Niliogopa."

Hakuna aliyecheka tena. Mama mwenye miwani alirudi kukunja shuka lake.

Punguza na dada yake waliondoka pamoja. Walitembea mpaka wakaliacha lango la hospitali nyuma. Punguza alimwomba radhi. Dobi aliendelea kutembea. Walipofika kwenye kona ya mtaa, alisimama.

"Leo umenitia aibu mbele ya wenzangu," alisema. "Ila ungenyamaza wakanunua, ningeshindwa kuwatazama mpaka nife. Kwa hilo nakushukuru."

"Nitafanya chochote, dada."

"Basi nunua nusu ya hisa zangu. Kwa tisini. Si uliniambia ni bei ya kutupa?"

Punguza alifungua mdomo kwa mazoea, kisha akaitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitajiwa bei ya kulipa kwa hela yake na hakuomba ipunguzwe.

Walikwenda kwa wakala wa hisa. Dobi aliuza nusu, Punguza akanunua kwa bei ya soko, na tofauti ya kufikia tisini akamlipa dada yake kidogo kidogo kutoka kwenye sare. Nusu ile ya kiinua mgongo iliyobaki, Dobi hakuiweka kwenye hisa. Aliiweka kwenye akaunti ya muda maalumu. Wale watatu hawakununua mwezi ule. Walikaa na taarifa za benki kadhaa kwenye meza ya mashuka, wakabadilisha faida za zamani kuwa hela ya leo, wakagawa kwa kumi. Mmoja alinunua hisa chache baadaye, wawili wakaona hisa haziwafai. Baada ya muda alikuja kijana aliyesifu benki nyingine, akasema inauzwa kwa mara tano tu ya faida. Mama mwenye miwani alimuuliza ni faida ya mwaka gani, na kijana akaomba aende akaulize.

Kila mwaka taarifa ikitoka, Dobi huja dukani kwa kaka yake. Huongeza mwaka mpya, huondoa ule wa zamani kabisa, na kugawa upya. Punguza hajifichi tena, ingawa dada akianza kugawa masikio yake bado hupata moto. Na mteja akimuuliza kuhusu hisa, kabla ya kusema kama ni ghali au rahisi, humwambia kwanza yeye mwenyewe anazo ngapi.