Kengele Hakutoka Hewani

Maiki ya pili ilikuwa imezimwa, lakini binti mtangazaji alisikia mtu akipumua ndani ya hedifoni zake. Akadhani waya mbovu. Kisha ikaja harufu ya marashi ya waridi, nzito, kana kwamba mwanamke amekaa naye bega kwa bega.

Siku hiyo redio yao ya muziki wa vijana ilikuwa inasherehekea siku ilipoanzishwa, na mgeni wa kipindi alikuwa baba yake mzazi, mwenye redio. Mzee alisimulia alivyoanza peke yake katika chumba cha uani, kwa mtambo wa kuungaunga na godoro ukutani la kuzuia kelele, akipiga nyimbo ambazo redio kubwa ziliziita uhuni.

Hakumtaja Kengele, mwanamke aliyeanza naye. Chumba kilikuwa cha Kengele, mtambo aliuunga Kengele, na sauti iliyowafanya mafundi cherehani wasimamishe miguu wasikilize ilikuwa yake. Matangazo ya biashara yalipoanza kumiminika, Mzee alimfungia mlango na kufuta kanda zake zote. Kengele akafa kwa kihoro mtaa wa pili, redio ikiwa sikioni. Binti aliyajua hayo kwa mama yake, akayameza. Baba ni baba.

"Kwa hiyo ni jasho lako peke yako, Baba?" aliuliza.

Mzee akafungua mdomo kujibu, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke, nyororo, yenye kicheko, ikawaamkia watu wa mtaani, ikawauliza wamelalaje, kisha ikaanza kuisimulia redio ile tangu godoro la kwanza, bila kumeza mate, huku mikono ya Mzee ikijikaba koo, macho yamemtoka pima, machozi yakichuruzika mezani, na binti akibonyeza kila kitufe na hakuna kilichozimika.

Mganga aliletwa. Akafukiza, akasoma, akauliza kwa upole nani yumo na anataka nini.

"Huyu alinitoa hewani," sauti ilijibu. "Mimi nimeingia humu. Nani atanitoa?"

Mganga alimvuta binti kando, akamwambia huyo si jini wa kutumwa, ni mwenyewe, na yeye hamng'oi mwenye haki yake. Akafunga mkoba wake, akaenda zake.

Tangu hapo Mzee hana sauti nyingine. Kutwa ni bubu. Kila asubuhi hukokotwa studio na miguu yake mwenyewe, Kengele akatangaza kwa kinywa chake, na wasikilizaji hawana kipindi wanachokipenda kama hicho.

Juzi mama alimsihi binti amhurumie baba yake, aukate umeme wa mtambo.

"Nimeshaukata, Mama," binti alinong'ona, kiganja shingoni. "Mtu akajikohoza ndani ya koo langu."