Kamera Mbili, Kaunta Moja

Duka la kamera mwisho wa mwezi halina adabu. Watu walisukumana kwenye kaunta, kila mmoja akipunga mkono ili muuzaji amwone, na feni ya darini ilizungusha joto lile lile. Katikati ya msongamano huo alisimama msusi mmoja aliyevaa gauni la kijani lililomkaa kana kwamba alishonewa akiwa ndani yake, nywele kazisuka mistari myembamba iliyopanda hadi utosini. Wateja wake walimwita Vidole, maana vidole vyake vilikwenda kasi kuliko cherehani. Alikuwa ameshika kamera kubwa ya DSLR, ile ya wanaoanza, akiigeuza kwa woga kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe.

"Dada, hiyo unataka kupigia nini?"

Akageuka. Alikuwa mwanaume mrefu, jezi ya bluu imempauka mabegani, filimbi inaning'inia shingoni. Kamera ndogo ya mfukoni ilikuwa imemezwa yote na kiganja chake.

"Nywele," akajibu. "Kuna maonyesho ya wasusi. Picha zitakazoshinda, mwenyewe anapewa darasa afundishe wengine. Na wewe kaka, kidude hicho?"

"Wasichana wanaokimbia."

Vidole akainua nyusi. "Ehee!"

"Hapana! Yaani, mimi ni kocha wa mbio, shuleni!" Jasho likamtoka. "Wanakosea mikono wakipokezana vijiti. Nikiwaambia, wanabisha. Nataka niwaonyeshe kwa picha."

Vidole alicheka hadi akaegemea kaunta. Muuzaji akajipenyeza: "Jamani, mbona mmeshika kinyume? Ya kaka ni ya vitu vilivyotulia. Ukibonyeza inajifikiria kwanza. Ya dada ndiyo ya vitu vinavyokwenda mbio."

Hakuna aliyemsikiliza. Kocha alipenda kitu cha kutia mfukoni akimbie nacho. Vidole naye alikuwa ameambiwa na dada yake kwamba mwenye kamera kubwa hupewa kiti. Tena alikuwa na sababu nyingine asiyoitoa mdomoni. Mchumba wake wa zamani alikuwa na neno moja tu: inakutosha. Alipotaka kupanga chumba kikubwa cha saluni, aliambiwa kibanda kinakutosha. Alipotaka kusoma zaidi, aliambiwa elimu uliyonayo inakutosha. Siku alipomrudishia pete yake, aliapa hatapimiwa tena na mtu.

Wakanunua, kila mmoja na yake, wakapeana namba za simu eti waulizane mambo ya betri. Betri zenyewe hazikutajwa hata siku moja.

"Kocha, umekula?"

"Nimekula, laazizi, ila sijashiba sauti yako."

"Maneno hayo umefundishwa wapi?"

"Uwanjani. Miguu ikizeeka, mdomo ndio unabaki kukimbia."

Mapenzi yalinoga; picha ndizo zilizogoma. Vidole akiinua tu lile likamera, wateja wanakaza shingo kama wanapigwa picha za pasipoti. Mama muuza vitambaa, ambaye akicheka kiti kinatikisika, alipoona lenzi imemkodolea alifumba mdomo kama amepigwa sindano. Misuko ilitoka vizuri, lakini waliosukwa walionekana kama wamefiwa.

"Afadhali wewe," Kocha alimwambia. "Mimi nina albamu nzima ya vumbi. Nikibonyeza, mtoto keshapita."

Jioni moja alimpitia saluni. Vidole alikuwa anamalizia kufagia, maonyesho yamekaribia, moyo umemjaa hofu. Kocha akapitia picha kwenye kamera kubwa, akatikisa kichwa, kisha akatoa ile ndogo mfukoni na kuiweka mbele ya kioo.

"Tubadilishane, kipenzi. Ya nini ujitese? Hii ndogo inakutosha."

Ufagio ukasimama.

"Umesema?"

"Nimesema inakuto..."

"Chukua kamera yako, Kocha. Na mlango unaujua."

Alijaribu kuuliza amekosa nini, akajibiwa na ufagio ulioanza kufagia pale pale aliposimama. Akaondoka. Simu aliyopiga usiku huo haikupokelewa, wala ya kesho yake, wala ya keshokutwa.

Dada yake Vidole, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuja kusukwa akamkuta amevimba macho.

"Amekutukana?"

"Amesema inanitosha."

Dada alivuta kiti akaketi. Neno hilo alilijua. Mara akauliza, "Yule wa kwanza alilisema akikunyima. Huyu alilisema akifanya nini?"

"Alikuwa ananipa kamera yake."

"Mh! Mdogo wangu, mchelea mwana kulia hulia yeye, kwa hiyo nakwambia: nenda ukamsikilize. Akirudia upuuzi, rudi, tutalia wote wawili."

Jumamosi asubuhi Vidole alifika uwanjani, kamera kubwa begani, viatu vyekundu vikizama kwenye nyasi. Kocha alikuwa amepiga goti pembeni mwa njia, anabonyeza na kulaani kimoyomoyo. Alipomwona, alisimama ghafla hadi kofia ikamdondoka.

"Sikuja kubembelezwa," Vidole alisema. "Nimekuja kukwambia usinipimie. Nimepimiwa sana."

"Nimelala na neno lile mpaka nikauona ubaya wake," Kocha akasema, mikono haijui ikae wapi. "Nilikosea. Sikukusudia kusema inakutosha, nilitaka kusema inakufaa. Kutosha ni kipimo, na mizani ya kukupima wewe nimeitoa wapi? Nilichoona ni hiki: ukiwa na mteja, mnacheka, mnasengenya, uso wake unafunguka. Likiingia hili likamera, uso unafungwa. Wasichana wangu wanakimbia na viatu vyepesi kuliko buti. Hakuna aliyewahi kusema wamepunjwa."

 Vidole akavua mkanda wa kamera begani, akamvisha yeye shingoni, juu ya filimbi.

"Piga basi. Si wasichana wako hao wanakuja?"

Kocha akageuka. Kamera ikalia ta-ta-ta-ta kama mvua kwenye bati. Wasichana wakamzunguka kutazama, na pale kwenye kioo cha kamera, wazi kabisa, yule wa tatu, akipokea kijiti, alikuwa amegeuza kichwa nyuma na mkono wake umeshuka.

"Si nilisema!"

"Kumbe kweli, Kocha!" Wakarudi mbioni wakicheka.

Vidole, na ile ndogo aliyoichukua kwa Kocha kiganjani, alikuwa amekwenda kukaa nyasini na akina mama waliokuja kutazama watoto wao. Wengine walikuwa wateja wake. Aliuliza habari za wakwe, akachochea, akabonyeza. Akabonyeza tena. Hakuna aliyekaza shingo. Bibi mmoja, mteja wake wa siku nyingi, alicheka hadi kichwa kikaanguka nyuma, na misuko yake yenye mvi ikatawanyika hewani kama miale. Vidole akaitazama picha ile. Kumbe uso ndio uliokuwa umekosekana siku zote.

Wasichana wa Kocha walichukua kombe, wakamtupa juu hadi akaomba ashushwe. Na ukumbini kwa wasusi, majaji walipita ukutani kwenye sura zilizokaa kama sanamu, wakafika kwa yule bibi, wakasimama. Mmoja akaanza kucheka mwenyewe, bila kujua anacheka nini.

Jina la mshindi lilipotangazwa, Vidole alipanda jukwaani katika gauni la manjano, kichwa juu.

"Darasa ni lako," akaambiwa.

"Nashukuru. Nataka chumba chenye madirisha makubwa," akajibu kwenye kipaza sauti, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Nje kwenye ngazi, Kocha alimngoja katika suti iliyombana mabega.

"Mimi sina maneno mengi..."

"Tangu lini?"

"Usinikatishe, nitasahau. Nataka unioe. Yaani, nikuoe. Yaani, tuoane. Nimeharibu?"

"Umeharibu sana," Vidole alisema, machozi na kicheko vikigombania uso wake. "Lakini nimekubali."

"Amesema nini?" sauti ya mwanamke ikauliza kutoka mfuko wa koti. "Wewe mtoto, mbona humsogezei simu?"

Vidole akaduwaa. "Nani huyo?"

"Mama," Kocha akanong'ona. "Alisema sitathubutu. Akataka asikie mwenyewe."

Vidole akaingiza mkono kwenye koti lile, akaitoa simu, akaisogeza mdomoni. "Shikamoo, mama. Nimesema nimekubali."

Vigelegele vilivyotoka kwenye ile simu viliwageuza watu wote ngazini. Dada mtu, aliyekuwa anatoka mlangoni na hajui kinachoshangiliwa, akavipokea kwa nguvu zake zote.