Kenchi ya Sita

Jua lilikuwa linazama fundi alipoingia chumbani kwa mama mkwe wake kutundika pangaboi, ile feni ya darini. Kazi ya nusu saa, alijisemea.

"Hapa," mama mkwe akaonyesha kwa mkongojo, juu kabisa ya kitanda.

"Mama, si afadhali pale dirishani?"

"Kwani mimi nalala dirishani, mkwe?"

Fundi akacheka. Pangaboi ni zito. Lazima lishikwe na kenchi, zile mbao za pembetatu zinazobeba vigae juu na dari chini. Na hapo juu ya kitanda hapakuwa na kenchi. Hilo alilijua yeye na Mungu wake. Miaka mitatu nyuma, alipoezeka nyumba hii, baba mkwe alimletea mbao za kenchi nane. Akasimamisha saba. Mbao za ile ya sita alizipeleka kwake, akatengenezea kabati. Penye pengo akapigilia kifito chembamba chenye misumari mfululizo, maana alijua mzee hupima kwa sumaku tu. Mzee akapitisha sumaku chini ya dari, ikanasa mara nane. "Mkwe wangu mwaminifu," akasema. Mungu atusamehe sisi tunaopewa sifa za namna hiyo tukanyamaza. Mzee alifariki mwaka jana, naye fundi akadhani siri imezikwa.

Akapanda ngazi, akagonga dari kwa kidole, akijifanya anatafuta. Penye uwazi hulia bo. Penye mbao hulia ti.

Bo. Bo.

Ti.

Akagonga tena palepale. Ti. Akachomeka msumari mwembamba wa kuhakikishia. Kifito kingetobolewa mara moja. Huu ulizama wote, ukashikwa. Alipouchomoa ulikuwa umelowa, unanuka dawa ya kuchua... ile aliyokuwa akijipaka mzee mabegani.

"Vipi?" mama mkwe akauliza.

"Ngoja nikaangalie darini."

"Nenda. Uangalie vizuri."

Akaingilia tundu la koridoni, tochi mdomoni, akitambaa juu ya mbao. Kenchi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu... Alipofika ya tano tochi ikafifia, ikazima. Joto. Vumbi. Na ile harufu. Akanyoosha mkono kwenye pengo.

Akagusa bega.

Lilikuwa limeinama chini ya vigae, gumu, limelowa jasho. Akataka kurudi nyuma, mkono ukamkamata. Akasali sala zote anazozijua, hadi zile za watoto za kulalia. Mkono haukulegea.

"Ngapi?" sauti ikanong'ona. Ya mzee.

"Na... nane."

Mkono ukabana mpaka mfupa ukalia.

"Ngapi?"

"Saba, baba. Ni saba. Moja niliiba."

Ukamwachia. Pumzi ndefu ikashushwa gizani, kama ya mtu anayetua mzigo.

Na paa likashuka.

Fundi akawahi kutia bega, goti moja juu ya kenchi ya tano. Vigae vikasaga, vikatulia. Akipumua tu, vinalia. Akichomoka, vyote vinamwangukia yeye, na mama aliye chini.

"Mama," akaita taratibu. "Toka nje. Paa linakuja."

"Limeshikwa," mama mkwe akajibu. "Mzee alijua tangu zamani. Aliniambia atalishika mwenyewe mpaka mwenye kosa aseme."

"Nimesema, mama. Waite watu walete mbao."

"Kesho, maduka yakifunguliwa."

"Sitafika kesho. Bega linakatika."

"Mwenzako ameshika mwaka mzima, mkwe. Tena ni marehemu."

Kitanda kikalia: mama mkwe amejilaza. Fundi akasikia nyuma yake mtu anatambaa kuondoka, polepole, kama mwenye magoti mabovu. Kifuniko cha tundu kikafungwa. Nyayo zikapita koridoni. Mlango wa chumba ukafunguka.

Kisha kitanda kikalia mara ya pili.