Kidole cha Fundi

Fundi alikuwa akishona mashati ya shule. Tangu mume wake afariki na binti yao aolewe mbali, chumba kile kilikuwa na sauti moja tu, ya cherehani. Uzi ukikatika, ukimya uliingia kama mgeni asiyepiga hodi.

Siku hiyo sindano ilimchoma kidole cha shahada, ikazama. Aliichomoa bila kupiga kelele. Angemwita nani? Alifanya kama mafundi waliomfundisha kazi: akadondosha mafuta ya cherehani juu ya tundu, akafunga kipande cha kitambaa kilichookotwa sakafuni, akaendelea kushona.

Kidole kilivimba, kikawa chekundu, kikapwita. Kisha mtoki ukatokea kwapani. Akawa hawezi hata kushika kitambaa. Cherehani ikanyamaza mchana kutwa.

Ukimya huo ndio uliomleta jirani. Alikuwa msichana aliyehamia karibuni chumba cha pili, mpimaji wa damu katika maabara ya hospitali. Hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu.

"Hodi! Mama, sisikii cherehani yako. Imeharibika?"

"Karibu, mwanangu. Cherehani ni nzima. Aliyeharibika ni mimi."

Jirani alikitazama kidole, akakinusa. "Umepaka nini?"

"Mafuta ya cherehani."

"Kwani wewe una magurudumu, mama?"

Fundi alicheka, kisha macho yakamlenga machozi. "Kidole hiki ndicho kinachonilisha. Wakikikata, nitashonea nini?"

"Tukichelewa ndipo watakikata. Vaa viatu, twende."

Hospitalini daktari alipasua jipu, akatoa usaha, akampa dawa. Muuguzi akamchoma chanjo ya pepopunda. Walipokaa kwenye benchi kupumzika, fundi aliuliza, "Uchafu wote ule ulitoka wapi?"

"Si uchafu mtupu, mama. Wale ni walinzi wako. Vijidudu viliingia na sindano. Damu yako ina chembe nyeupe za aina nyingi. Zinazowahi kufika humeza vijidudu, na nyingi hufia papo hapo. Ndizo zinazofanya usaha."

"Maskini!"

"Nyuma yao huja chembe kubwa zaidi. Hula vijidudu vilivyobaki na kufagia maiti."

"Na mtoki?"

"Kwapani kuna kituo chao. Habari za adui hupelekwa huko. Chembe nyingine hapo hutengeneza kingamwili. Kingamwili ni kama nguo iliyokatwa kwa vipimo vya mtu mmoja: humkaa adui yuleyule tu. Chembe nyeupe nyingine huua chembe za mwili wako zilizokwisha kuvamiwa na virusi. Na baadhi hubaki miaka mingi zikikumbuka vipimo. Chanjo huzipa vipimo kabla adui hajafika."

Fundi alitikisa kichwa. "Jeshi lote hilo, na bado nikaugua?"

"Walizidiwa. Ungeosha kidonda kwa maji safi na sabuni, ukafunga kitambaa safi, wangepata nafuu. Halafu wewe ulinyamaza. Chembe ya kwanza ikikutana na adui hainyamazi, mama. Inaita wenzake."

Fundi aliitazama bandeji. "Sikutaka kumsumbua mtu."

"Nami nakaa upande wa pili wa ukuta," jirani alisema polepole, "nikisikiliza cherehani yako ili nisijione niko peke yangu."

Fundi alimeza dawa mpaka zikaisha, ingawa uvimbe ulikuwa umeshapungua. Kidole kilipona, kikabaki na kovu dogo. Sasa sabuni na bandeji safi vinakaa karibu na mkasi. Mafuta ni ya cherehani tu.

Jioni moja uzi ulikatika. Ukimya ukaingia. Fundi akagonga ukuta kwa mpini wa mkasi.

"Nakuja, mama!" sauti ikajibu kwa haraka. "Umeumia?"

"Sijaumia, mwanangu. Chai imeiva."