Samli Kwenye Shafti

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Filsan alipeleka chai na anjera, mkate wa maji unaoliwa kwa samli, kwenye karakana ya baba yake, Hared, mtaani Galbet, Garissa. Ijumaa hiyo ya mwaka 1996, mwaka wa ukame, chai ilipoa bila kuguswa. Pampu ya kisima kijijini kwa ayeyo, nyanya yake Filsan, ilikuwa imekufa. Ngamia wake walilala kando ya birika kavu, hawana nguvu za kutembea hadi Mto Tana.

Shafti ya pampu, ule mhimili wa chuma unaozunguka, ndiyo iliyolika. Mwaka uliotangulia nyingine kama hiyo ilichomelewa, moto ukaipinda, ikatupwa. Safari hii alikuja fundi Gelle kutoka Mombasa na mashine ngeni.

"Inapuliza unga wa chuma kwa kasi kuliko ya sauti," alimweleza Filsan. "Unga unagonga na kushika palepale. Shafti haipati moto wa kuipinda."

Alikuwa ameisafisha shafti kwa mchanga wa kupulizwa. Kisha akatoka na Hared kushusha mitungi ya gesi kwenye lori.

Filsan alibaki peke yake, vumbi likiingia mlangoni. Aliihurumia ile shafti. Kwao, kisu kilichonolewa hakiachwi kikavu. Ayeyo hukipaka samli kisishike kutu. Samli ya anjera ilikuwa kwenye sinia. Basi akaipaka shafti yote, akaifuta kwa kitambaa, akajisifu moyoni. Maskini, alidhani anasaidia!

Gelle alirudi, akaifunga shafti kwenye mashine ya kukerezea.

"Hared, unga nilionao ni wa mara moja tu," alisema. "Hata alama ya kidole chenye mafuta ingeubandua wote. Mwingine hauji mpaka mwezi ujao."

Filsan angesemaje mbele ya mgeni? Baba angeaibika. Lakini mwezi mzima! Akawaona ngamia wa ayeyo machoni mwake. Gelle akavaa miwani, akainua bomba la kupulizia.

"Adeer, ngoja!" Filsan alipaza sauti, akimwita Gelle ami kwa heshima. "Nimeipaka samli."

"Naa Filsan! Nani alikutuma?" Hared alifoka.

"Hakuna, Aabo. Nilitaka isishike kutu, kama kisu cha ayeyo." Machozi yakamtoka.

Gelle aliweka bomba chini. Akaguna, kisha akaomba spiriti ya kuondolea mafuta. Waliiosha shafti, wakaipuliza mchanga upya. Saa mbili zikapita, na Filsan akachelewa shule.

Hatimaye mashine ikanguruma hata mbuzi wa majirani wakatimua mbio. Ilipozimwa, Gelle aliigusa shafti kwanza, kisha akamwita Filsan.

"Iguse sasa."

Ilikuwa na joto la kikombe cha chai tu, na imenyooka sawasawa.

Jumamosi, kijijini kwa ayeyo, shafti ilirudishwa kwenye pampu, maji yakatoka. Ayeyo alilia, akimshukuru Mungu. Ngamia walikunywa bila kuinua vichwa.

Gelle alimshika Filsan bega. "Kosa lako lilituchelewesha saa mbili, binti yangu. Kimya chako kingetuchelewesha mwezi mzima, na ngamia hawa wasingeufikisha. Nimeona mafundi wazima wakishindwa kusema ulilosema wewe."

Hared alimpangusa binti yake vumbi usoni. "Jumatatu niletee chai kama kawaida," alisema. "Samli iache kwa ayeyo."